Umenigawa Sahani Kumi

"Nani kawaambia wageni kwamba mimi nachoma tangawizi?"

Aliyekuwa akifoka mlangoni ni mpishi mkuu wa hoteli kubwa ya ufukweni, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Kofia kwa sababu ya kofia yake ndefu nyeupe. Siku hiyo alikuwa amevuka barabara na aproni yake, jasho linamtiririka, simu ameishika mbele yake kama hati ya mashtaka. Ilikuwa saa sita mchana, msimu wa likizo umeanza, na mkahawa wa Meza Sita ulikuwa na wateja kwenye meza nne.

"Shikamoo na wewe," alisema mwenye mkahawa bila kuacha kukata vitunguu. Wengi walimwita Kiberiti, na waliokwisha kugombana naye hawakuuliza kwa nini.

"Marahaba. Nisamehe, binti, lakini tangu jana nimerudishiwa supu mara kumi na moja. Mara kumi na moja! Wageni wanasema siyo ile iliyoandikwa. Mmoja kaniambia usoni, supu ya namna hiyo ameila kwa yule dada wa Meza Sita. Sasa nimekuja kukuuliza, kuna nini?"

"Iliyoandikwa wapi?"

"Kwenye ile orodha! Wapi Tule!"

Kiberiti aliweka kisu chini. Orodha ya Wapi Tule ilitoka kwenye simu mara moja kwa mwaka, ikitaja mahali kumi pazuri pa kula pwani nzima, na wageni waliifuata kama kondoo. Aliyeiandika ni mchumba wake, kijana aliyeitwa Ulimi kwa kuwa alikula kwa ajili ya kuishi na kuishi kwa ajili ya kula. Harusi yao ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Meza Sita haikuwamo kwenye orodha, na Kiberiti alilijua hilo. Ulimi alimweleza mapema kwamba wakubwa wake hawaruhusu mtu kumsifia ndugu wala mchumba. Lilimuuma, akalimeza. Kazi ni kazi.

"Nisomee," alisema.

Kofia alivaa miwani. "Namba moja, hoteli yetu. 'Supu ya samaki ambayo tangawizi yake imechomwa kwanza juu ya makaa hadi ganda likawa jeusi. Ndimu huisikii mwanzoni. Inakuja baada ya kijiko kutoka mdomoni, kama mtu aliyesahau kuaga akarudi.' Binti, mimi sijachoma tangawizi maisha yangu yote!"

Shangazi, dada wa marehemu baba yake Kiberiti ambaye ndiye aliyehudumia meza, alisimama katikati ya chumba na sinia mkononi.

"Lakini hiyo si supu yetu?" aliuliza.

Ilikuwa yao. Tangawizi ile ilichomwa mara ya kwanza kwa bahati mbaya, siku Kiberiti alipoisahau juu ya jiko akigombana na muuza samaki. Tangu hapo hakuacha. Duniani alikuwa peke yake anayeipika hivyo, na aliyekuwa akijua sababu ni Ulimi tu.

"Lete hiyo simu."

Alisoma namba mbili, mgahawa wa karibu na mnara wa taa. Kuku aliyelazwa usiku kucha kwenye maziwa ya mgando. Wake. Namba tatu, biringanya zilizopondwa na kitunguu saumu. Zake. Namba saba, mkate uliokandwa kwa maji yaliyochemshiwa viazi. Wake, tena aliuoka asubuhi ile ile. Kwenye namba tisa Ulimi alijisahau kabisa, akasifia upepo unaoingia kwenye dirisha la buluu lililovunjika komeo. Kiberiti aligeuka kulitazama dirisha lake la buluu. Komeo lilikuwa linaning'inia.

Alimrudishia Kofia simu, akachukua yake. Alipiga simu.

"Uko wapi?"

"Nipo njiani, mpenzi. Njaa inaniuma kweli. Leo kuna nini?"

"Njoo. Leo kuna mengi."

"Sauti yako mbona hivyo?"

Akakata.

Ulimi aliingia baada ya dakika tano, shati limepigwa pasi, tabasamu limefika kabla yake. Akaenda kwenye kiti chake cha kila siku chini ya dirisha. Kiberiti alimwekea sahani kubwa, kijiko na kitambaa, kisha akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Kula."

Ulimi aliitazama sahani. "Haina kitu."

"Haina. Vyote umevigawa."

Wateja wa meza zote nne waligeuka. Ulimi akamwona Kofia, akaiona simu, na tabasamu likamshuka.

"Ngoja nikueleze."

"Nieleze kwanza kitu kimoja. Siku ya kwanza tulipojuana uliniambia kanuni yako. Mahali huandiki mpaka uende mara tatu. Mara ya kwanza na njaa, mara ya pili umeshiba, mara ya tatu umekasirika. Ukaniambia chakula kinachomshinda mtu mwenye hasira ndicho cha kuandikwa. Nikakupenda kwa maneno hayo, mjinga mimi. Sasa hoteli ya huyu mzee umekwenda mara ngapi?"

Ulimi alitazama kitambaa.

"Mara ngapi?"

"Sikwenda."

"Mungu wangu," alisema Kofia, akakaa bila kukaribishwa.

"Na kwenye mnara wa taa?"

"Sikwenda popote mwaka huu. Kila nikitoka kwenda kula, miguu inanileta hapa. Chakula cha wengine kimepoteza ladha mdomoni kwangu. Wewe ndiye sababu. Na jina lako wamenikataza kuliandika. Nikasema basi, angalau chakula chake kisifiwe, hata kama ni kwa majina ya watu wengine. Nilifanya kwa kukupenda!"

"Ishia hapo!" Sauti ya Kiberiti iligonga bati. "Huo ni uvivu, usiuvalishe nguo ya mapenzi! Mimi naamka alfajiri nakanda mkate. Mikono hii ina makovu ya mafuta mpaka viwikoni. Wewe unakaa dirishani, unajaza tumbo, halafu unachukua kazi yangu unaipasua vipande kumi, unawagawia watu kumi. Tena hawajakuomba! Mtazame mzee wa watu, anarudishiwa supu yake kwa ajili yako!"

"Mara kumi na moja," Kofia alikumbusha.

"Mtu akija kwangu kesho akala supu, atasema nimeiga ya hotelini. Nimekuwa mwizi wa supu yangu mwenyewe! Hilo ulilifikiria?"

Hakulifikiria. Lilionekana usoni mwake.

"Nisamehe, mpenzi."

"Hilo neno mpenzi kaa nalo mwenyewe. Harusi hakuna. Nenda ukale kule ulikosema ulikula. Kote kumi, mara tatu tatu kama kanuni yako ilivyo, halafu uwaambie watu ukweli. Kabla ya hapo usikanyage mlango huu. Na hiyo sahani iache, siyo yako."

Ulimi alisimama. Shangazi alimfungulia mlango kwa heshima zote, jinsi mtu anavyomfungulia paka aliyeiba.

Ujumbe ulianza kuingia jioni ile. "Nisamehe." "Nimekosa sana." "Hata kunijibu tu." Kiberiti hakujibu. Siku ya tatu ukaja wa aina nyingine: "Namba kumi, mara ya kwanza. Njaa. Kuku ni mkavu lakini wali wao mzuri." Kiberiti aliusoma mara mbili, akasonya, akarudi jikoni. Kesho yake: "Namba kumi, nimeshiba. Wali bado mzuri. Nilikosea sana kutowajua hawa watu."

"Anakula kweli," alisema Shangazi akichungulia simu.

"Ale apasuke."

Jumamosi ya harusi ilifika. Gauni lilikuwa kwa mshonaji. Kiberiti hakufunga mkahawa. Alipika tangu asubuhi kwa hasira, akigonga masufuria mpaka wateja wakawa wanaongea kwa kunong'ona. Alimchukia Ulimi kwa uongo wake. Zaidi alimchukia kwa sababu kila sahani iliyotoka alitaka kumwuliza yeye, vipi leo? Na kwa miaka miwili jibu lilikuwa moja tu: kitamu, mpenzi.

Wiki ya tano, siku ya Jumatatu, Shangazi aliingia jikoni mbio, na Shangazi hakuwa mtu wa kukimbia.

"Ametoa! Soma!"

Orodha ilikuwa mpya. Juu kabisa Ulimi alikuwa ameandika hivi: "Orodha niliyowapa mwanzo wa msimu ilikuwa ya uongo. Sikula mahali hata pamoja kati ya hapo kumi. Chakula chote nilichokisifia nilikila mkahawa mmoja, Meza Sita, kwa mwanamke niliyekuwa nimuoe. Kazi yangu imekwisha leo, na ni haki. Haya hapa ndiyo niliyoyaonja kweli, mara tatu kila mahali." Kisha yakafuata yale maeneo kumi, kila moja na jema lake na ila yake. Kofia alisifiwa kwa pweza wa kuchoma, sifa ambayo hakuna mtu aliyewahi kumpa.

Kiberiti alihisi kitu kinalegea kifuani. Akaendelea kusoma mpaka mwisho.

"Na Meza Sita. Ni mahali pazuri kuliko pote pwani hii. Lakini mpishi akikasirika, chumvi inazidi. Nimeila hiyo chumvi miaka miwili nikisema kitamu, kwa sababu nilimwogopa. Hilo nalo lilikuwa uongo, na ndilo linaloniuma zaidi."

"Chumvi?" Kiberiti aliruka. "Mimi? Chumvi? Kaniumbua mbele za watu wote! Shangazi, umewahi kuona chumvi imezidi hapa?"

Shangazi alijifanya anapanga vikombe.

"Shangazi!"

"Mwanangu, nikila chakula chako siku ukiwa umenuna, nakunywa maji jagi zima. Nilidhani ni kisukari. Nilikwenda mpaka kupimwa."

Kiberiti alichota supu, akaonja. Akaonja tena, polepole. Wiki tano zote alikuwa na hasira, na wiki tano zote aliwapa watu ile supu. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nje kulikuwa na kelele. Wageni walikuwa wameisoma orodha nao, foleni ikafika kwa fundi viatu. Mtu wa kumi na tatu kwenye foleni alikuwa Ulimi. Amekonda, ingawa alikuwa ametoka kula mara thelathini.

"Wewe!" Kiberiti aliita kutoka mlangoni.

Ulimi alisogea hatua moja.

"Rudi hapo hapo! Wenzako hawana njaa?"

Akarudi. Alisimama juani saa moja na nusu. Zamu yake ilipofika, kiti cha dirishani kilikuwa na mtu, akapewa kile cha karibu na mlango wa jikoni chenye mguu unaoyumba. Kiberiti alimletea bakuli la supu mwenyewe, akalitua mezani mpaka likamwagika kidogo.

"Mara ya kwanza nilikuja na njaa, nikakupenda," alisema Ulimi taratibu. "Nikaja nimeshiba miaka miwili. Lakini mara ya tatu—"

"Mara ya tatu mwenye hasira ni mimi. Onja."

Akaonja. Shangazi alisimama na sinia. Kofia, ambaye sasa alikuwa mteja wa kila Jumatatu, aliacha kutafuna.

"Vipi?"

Jasho lilimtoka Ulimi. Alimtazama machoni, akaviona viberiti vyote viko tayari kuwashwa.

"Chumvi imezidi," alisema. "Kidogo. Tangawizi iko palepale pake."

Kiberiti alimnyang'anya kijiko, akaonja. Alikuwa ameipunguza kwa maji na viazi, lakini ilikuwa kweli, bado ilizidi kidogo. Macho yakamjaa machozi, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Umeharibu harusi yangu. Umeharibu kazi yako. Sasa umeniharibia na supu. Jumamosi gani una nafasi?"

"Sina kazi," alisema Ulimi. "Nina nafasi Jumamosi zote."

Kiberiti alimrudishia kijiko.