Nilimfundisha Mchumba Wangu Loop, Akanifundisha Dunia

"Mazoezi haya niliyaandika mimi. Huyu dada ameninakili."

Aliyesema hivyo ni Shigela... mchumba wangu! Mbele ya bosi, kidole kanielekezea mimi.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Naitwa Kemilembe, nakaa Kirumba. Ofisi moja ya programu pale Mkuyuni ilitafuta mtu mmoja wa kuandika programu kwa lugha ya Java, tukaomba wote wawili. Loop, zile amri za kurudiarudia, zilikuwa zinampiga chenga Shigela, hivyo kila jioni nilimfundisha: chukua loop ya for, igeuze iwe ya while.

Kumbe mazoezi yangu aliyabeba kwenye flashi, akayapeleka kwa jina lake kabla sijapeleka yangu.

Bosi, Madam Prudencia, akatuangalia kwa zamu.

"Nani alikuwa anamfundisha mwenzake?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi, madam," akasema Shigela. Hata hakupepesa macho.

"Haya, kila mtu na kompyuta yake. For ya moja mpaka kumi, tano inarukwa kwa amri ya continue. Igeuzeni iwe while."

Mtego huo naujua! Kwenye for, i++, ile ya kuongeza moja, inajiendesha. Kwenye while unaiandika mwenyewe, na ukiiacha chini ya continue tu, ikifika tano haiongezeki tena... inazunguka hapohapo bila kukoma. Nilimwimbia Shigela mpaka nikachoka: ongeza kwanza, ndiyo uruke.

Lakini siku hiyo nilijawa na hasira. Nilikuwa namwangalia yeye, siyo nilichoandika.

Yake ikatoa namba zote, bila tano.

Yangu ikafika nne... ikaganda.

"Umeepukaje kuganda?" Madam akamuuliza.

"Ongeza kwanza, ndiyo uruke."

Maneno yangu, neno kwa neno!

Madam akanigeukia. "Binti, kunakili siyo kujua."

Nililia mpaka nyumbani.

Jioni meseji ikaingia: "Mpenzi usinune, nikipata mimi si tumepata wote? Jumatatu naanza. Wamenipa kazi ya arrays, zile orodha za Java, sielewi kitu. Nakuja na chipsi, unielekeze."

Nikaituma kama ilivyo kwa Madam.

Akajibu: "Nilihisi mapema kwamba mazoezi ni yako. Lakini ofisini namhitaji anayetoa jibu akiwa kwenye presha. Mambo ya uchumba malizaneni wenyewe."

Shigela alipogonga, sikufungua. Uchumba uliishia mlangoni.

Wadada, mfundishe unayempenda, sikatai. Ila mfundishe watu wakiona. Mimi nilimfundisha chumbani, na shahidi wangu pekee alikuwa yeye.