Namba ya Mwenzako

Katika chuo cha maofisa wa jeshi la wanamaji pale Namhyang, makadeti walihesabiwa kama mbuzi wa bahili. Kabla ya kunawa uso, wanahesabiwa. Kabla ya kula, wanahesabiwa. Wakipanda boti wanahesabiwa, wakishuka wanahesabiwa tena. Walikuwa wakisimama mstarini, kila mmoja akigeuza kichwa upesi kwa jirani yake na kupaza namba yake, mpaka wa mwisho amalizie kwa kusema, "Mwisho!"

Tak Ye-rin alikuwa namba kumi na moja katika kikosi chake. Alikuwa binti mfupi, mwepesi, asiyejua kutulia. Hata akiketi darasani goti lake lilicheza chini ya meza, ndiyo maana wenzake wakampachika jina la Cherehani. Kiongozi wa kikosi, Pyo Gang-il, walimwita Pasi, kwa kuwa alinyoosha nguo mpaka leso. Namba kumi na mbili, Gu Hae-seong, jina lake lilikuwa Baadaye. Kijana huyo alikuwa mcheshi, mwenye moyo mweupe, lakini saa na yeye walikuwa maadui wa tangu utotoni.

Tangu mwaka wa kwanza, mara nyingi namba zilipofika kwa Ye-rin asubuhi, Hae-seong alikuwa bado anafunga kamba za viatu nyuma ya mlango. Ye-rin alimhurumia. Alisema "Kumi na moja!" kwa sauti yake, kisha akainamisha kidevu na kunguruma kama mzee mwenye mafua, "Kumi na mbili, mwisho!" Wenzake waliuma midomo wasicheke. Punde Hae-seong alijipenyeza mstarini, na maisha yakaendelea.

Sasa ilikuwa imebaki wiki moja kufika mahafali. Chuo kizima kilikuwa kama chungu kinachochemka. Hakuna aliyeweza kukaa kitako. Viatu vilivyokwisha kung'arishwa viling'arishwa tena, sare nyeupe zilijaribiwa na kuvuliwa, na kila kona watu walibishana kuhusu meli walizopangiwa. Ye-rin alikuwa amepangiwa meli ya doria ya bahari ya mashariki. Mama yake, muuza mwani wa sokoni, alikuwa ameshakata tiketi ya treni na kuwaambia wateja wote kwamba mwanawe anakuwa Luteni Usu.

Asubuhi ile mwaka wa nne walikuwa wanakwenda kisiwa cha Solseom. Ilikuwa desturi. Juu ya kisiwa hicho kidogo palikuwa na jiwe kubwa lililopakwa rangi nyeupe, na kila kadeti mpya alijifunza kupiga makasia akilielekea jiwe hilo. Wanaohitimu hulipaka rangi upya kwa ajili ya wanaoingia.

"Cherehani!" Hae-seong aliita gatini, akiwa amekumbatia kopo la rangi. "Leo utanishonea namba yangu?"

"Nimekushonea miaka minne, bwana. Uzi umeniishia."

"Bado wiki moja tu! Nikiwa ofisa nitanunua saa."

"Utainunua baadaye," Ye-rin akamjibu, na kikosi kizima kikaangua kicheko.

"Pandeni boti, acheni porojo!" Gang-il alifoka. "Wengine tunataka kuhitimu."

Walipaka rangi huku wakirushiana maneno, baridi ya Machi ikiwang'ata masikio. Kazi ilipokaribia kwisha, ukungu ulianza kuingia kutoka baharini. Luteni Kamanda Maeng, ofisa aliyewasimamia, aliutazama mara moja tu.

"Chukueni vifaa. Tunaondoka sasa hivi. Boti ya kwanza itakwenda nami. Gang-il, kikosi chako boti ya pili."

Watu wakateremka mbio, makopo yakigongana. Ye-rin aliliona kopo la Hae-seong ndani ya boti ya kwanza, karibu na injini. Boti hiyo ikahesabu watu wake, ikatoweka ukunguni. Wao wa boti ya pili waliketi wamejikunyata, kofia za makoti zikiwafunika nyuso, kila mtu akitamani supu ya moto.

"Hesabu!" Gang-il aliamuru, mkono ukiwa tayari kwenye usukani.

Namba zikaja mbio mpaka kwa Ye-rin. "Kumi na moja!" Kisha kimya. Akageuka pembeni, akaona mahali patupu.

Amekwenda na boti ya kwanza, akae karibu na injini, mpenda joto yule, aliwaza. Akakumbuka kwamba Gang-il hasamehi. Hesabu ikipungua ataita redioni, Hae-seong ataadhibiwa, na adhabu katika wiki ya mwisho ni balaa. Ye-rin hakuwaza zaidi. Mdomo ulikwisha zoea. Alizamisha kidevu ndani ya skafu akanguruma, "Kumi na mbili, mwisho!"

Mmoja akacheka kidogo puani. Gang-il hakugeuka. "Imetimia," alisema redioni, na boti ikaondoka.

Gatini Ye-rin aliruka nchi kavu wa kwanza, akaanza kumtafuta Hae-seong ili amtanie. Boti ya kwanza ilikuwa imefungwa kamba. Kopo lilikuwepo. Mwenyewe hakuwepo.

"Baadaye yuko wapi?" alimwuliza kadeti mmoja wa boti ile.

"Si alikuwa nanyi? Aliweka kopo lake hapa, akasema anafuata koti alilolisahau juu ya kisiwa. Sisi tukaondoka."

Ye-rin akatazama tena ndani ya boti. Hapana, alijiambia. Huenda alijipenyeza kama kawaida yake. Akakimbia jikoni, kwa kuwa Hae-seong alikuwa mtu wa kunusa supu kabla haijaiva. Wapishi wakatikisa vichwa. Akakimbia bwenini, akasukuma mlango. Sare nyeupe ya Hae-seong ilikuwa inaning'inia peke yake ukutani. Akashuka ngazi bila kujua miguu inakanyaga wapi. Kila alipopita alijiambia kwamba kona inayofuata atamkuta, na kila kona ilimsaliti.

Aliporudi gatini, Luteni Kamanda Maeng alikwisha pata habari. Gang-il alikuwa amesimama mbele yake, wima kama mlingoti.

"Boti yangu ilitimia, Afande. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Ulimsikia. Ulimwona?"

"Nilimsikia, Afande."

Maeng aliugeukia mkondo wa bahari kati ya gati na kisiwa, ambao sasa haukuonekana hata hatua chache mbele. "Kama alipanda na hakushuka, basi alianguka majini njiani. Maji haya ya baridi hayamngojei mtu. Boti zote za uokoaji ziingie kwenye mkondo. Tengenezeni mstari, mwende polepole. Kila mtu aangalie majini!"

Injini zikaanza kunguruma. Watu wakakimbia huku na huku na kamba na maboya. Ye-rin alisimama katikati yao. Akauona mkondo mzima utakavyochanwa kutafuta mtu ambaye hayumo. Akamwona pia mama yake, amevaa nguo yake nzuri ya sherehe, akiwaaga majirani. Akisema neno moja tu, meli ya doria imekwenda. Asiposema, huenda Hae-seong akapatikana hata hivyo. Huenda. Neno hilo likamchoma. Maji yalikuwa yanajaa, na kule Solseom miamba yote ya chini hufunikwa maji yakijaa.

"Afande!" Sauti ilimtoka kabla ya ujasiri kufika. "Afande, hakupanda boti! Mtamtafuta bure mkondoni. Yuko Solseom!"

Watu wakasimama. Maeng akageuka taratibu. "Umejuaje?"

"Ni mimi niliyeitika namba yake. Nilidhani yuko boti ya kwanza. Niliitika kwa sauti yake, Afande." Machozi yalikuwa yanamchuruzika, hakuyapangusa. "Alirudi kuchukua koti lake."

Gang-il alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Cherehani, wewe! Umenifanya niseme uongo redioni?"

"Hayo yatasubiri," Maeng alikatiza. Hakupaza sauti, na hilo lilimwogopesha Ye-rin kuliko kelele. "Boti mbili, Solseom, sasa hivi. Tak, panda na mimi. Utamwita kwa jina lake mpaka aitike mwenyewe."

Walikwenda kwa dira, ukungu ukiwalowesha nyusi. Ye-rin alikaa mbele ya boti, vidole vimekamata ukingo. Safari ile fupi, waliyoifanya kwa makasia mara nyingi mno, ilikataa kwisha. Kisiwa kilipojitokeza ghafla, alianza kuita. Aliita mpaka sauti ikakwaruza. "Hae-seong! Gu Hae-seong!" Mawimbi tu ndiyo yaliyojibu.

Walizunguka upande wa pili. Maeng alizima injini. "Ita tena. Halafu nyamaza usikilize."

Akaita. Akanyamaza. Kutoka chini ya miamba ikaja sauti nyembamba sana.

"Nipo."

Walimkuta amekumbatia jiwe, maji yakimpiga kifuani, midomo imegeuka rangi ya bilingani. Alikuwa ameteleza akikimbilia boti, akaporomoka upande usioonekana na kuvunjika kifundo cha mguu. Ye-rin aliruka majini kabla hajaambiwa. Yeye na baharia mmoja wakamwinua, Maeng akamvuta ndani ya boti na kumfunika kwa koti lake mwenyewe.

Kesho yake Ye-rin aliruhusiwa kwenda hospitali. Hae-seong alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta, bakuli la uji wa wali mbele yake. Ye-rin alisimama mlangoni, hawezi kuingia wala kutoka.

"Ingia, bwana, unaniletea upepo," alisema Hae-seong. Lakini utani haukumfika machoni.

Ye-rin alipoketi, Hae-seong akasema, akiangalia dari, "Niliisikia injini yenu ikiwaka. Nikapiga kelele, hamkusikia. Lakini sikuogopa, Ye-rin. Nilijiambia, watahesabu. Wakifika kumi na moja watakwama, halafu watarudi. Basi nikatulia nikawa nangoja." Akageuza macho dirishani. "Injini ikazidi kwenda mbali. Sikuelewa. Nilidhani labda nimesahauliwa na kila mtu."

Ye-rin akafunika uso kwa mikono. Aliumia kuliko alivyowahi kuumia maishani. "Nisamehe. Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Na mimi ndiye niliyekuzoesha. Miaka minne nimekuachia namba yangu uichezee, kwa uvivu wa kufunga viatu." Akamsogezea kitambaa. "Tumekosa wote, Cherehani. Ila wewe ulisema. Ungenyamaza, ningekuwa bado kule."

Uamuzi wa chuo ulitoka kabla ya mahafali. Gang-il aliondolewa kwenye heshima ya kubeba bendera, kwa kutoa taarifa ya kitu alichokisikia bila kukiona. Ye-rin hatatunukiwa kamisheni pamoja na wenzake. Atabaki chuoni nusu mwaka, na nafasi yake katika meli ya doria itachukuliwa na mwingine.

Siku ya mahafali, bendi ikipiga na wenzake wakipita katika sare nyeupe, Ye-rin alisimama nyuma ya viti vya wazazi akiwa na sare ya kila siku. Mama yake alikuwa kando yake, kapu la keki za mchele mkononi. Alikuwa amekuja vilevile, ingawa alikwisha ambiwa kila kitu kwa simu.

"Mama, nimekuaibisha mbele ya soko zima," Ye-rin alinong'ona.

"Soko litapata jambo jingine la kusema kesho," mama alimjibu. "Mimi nimelia jana, nimemaliza. Nilimfikiria mama yake Hae-seong, nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu alifungua mdomo."

Gwaride lilipokwisha, Luteni Kamanda Maeng aliwajia. Akamwinamia mama kwa heshima.

"Mama, mwanao alimwacha mwenzake baharini, na mwanao ndiye aliyemrudisha. Yote mawili ni kweli. Siwezi kufuta moja kwa ajili ya jingine, ndiyo maana anabaki, na ndiyo maana hatukumfukuza."

"Nimeelewa, Afande. Mfundishe."

Maeng akamgeukia Ye-rin. "Ulidhani unamficha rafiki yako asipate adhabu. Sikiliza, Tak. Siku moja utakuwa na meli yako, na watu watakuja kukuambia kwamba wote wapo, na kila kitu ni salama, kwa sababu wanapendana na hawataki kuchongeana. Utawaambia hivi: rafiki wa kweli huacha nafasi ya mwenzake ibaki wazi, hata kama mwenzake huyo atamchukia. Pengo ndilo linalotufanya tugeuze boti. Ukiitika kwa niaba ya mtu asiyekuwepo, umeiambia dunia nzima isimtafute."

"Nimesikia, Afande," alisema Ye-rin. Safari hii aliitika kwa ajili yake mwenyewe, na alimaanisha.