Kahawa za Mukamusoni

Haya yalimkuta Vestina, jirani yetu wa Kaisho, mama asiye na makuu, na yalianza asubuhi njema tu. Alikuwa uani akipura maharage na shoga yake Mukamusoni, mjane ambaye wazazi wake walimleta kutoka Rwanda angali mgongoni. Kati yao palikuwa na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kwetu, mtu akikataa kutia mkono kwenye kikapu chako, amekwisha kusema yote.

Simu ya Vestina ikalia. Ujumbe wa sauti, kundi la kijiji. Mtoto wa jirani yao Jovitus amefariki ghafla, na aliyemroga ni Mukamusoni. Jana alionekana dirishani kwa mtoto.

Uongo mtupu. Jana kutwa walikuwa wote shambani. Lakini nywele zilimsimama Vestina, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya mama yake mzazi. Nao walimzika mwaka juzi.

Alimkimbilia mumewe, Elipidius, migombani. "Umesikia sauti ya nani?"

"Ya marehemu baba," akanong'ona. "Na baba hakuwa mtu wa kuzua, mke wangu."

Wifi yake, Benitha, alimsikia mama yake wa ubatizo. Kila mtu na wake. Hakuna aliyeona kitu, ila kila mmoja alikuwa ameambiwa na yule anayemwamini kuliko wote. Kufikia mchana, waliozoea kumpa Mukamusoni shikamoo walikuwa wakipita upande wa pili wa njia.

Vestina akajirekodi. "Mukamusoni hana hatia. Jana kutwa nilikuwa naye." Akatuma kundini.

Kisha wakaanza kumjibu. Asante Vestina kwa kusema ukweli.

Akausikiliza ujumbe wake. Sauti yake. Kikohozi chake. "Ni yeye. Nilimwona kwa macho yangu."

Akarekodi tena. Vilevile. Akatoka kwenda nyumba kwa nyumba, akisema kwa mdomo wake, akilia. Walimsikiliza kwa upole. "Tumeshakusikia, mama," walimwambia. "Usiogope."

Jioni Mukamusoni alikuja na furushi la nguo. Nyuma yake moshi ulikuwa ukipanda juu ya migomba, pale palipokuwa kwake.

"Wamenisikilizisha ujumbe," alisema taratibu. "Ni wewe."

Vestina alimsogezea kikapu. Mukamusoni alikitazama, akaondoka bila kutia mkono.

Asubuhi ujumbe ule haukuwepo kwenye simu ya mtu yeyote. Vestina akaizima yake, akaifungia sandukuni.

Jumapili Benitha alipita akitoka kanisani. Vestina alimkaribisha kahawa kwa furaha. Benitha akachukua buni moja. Simu yake ikalia. Akaiweka sikioni. Akasikiliza. Akairudisha ile buni kikapuni.

"Sauti ya nani, wifi?" Vestina alinong'ona.

Benitha alikuwa ameshafika mlangoni. "Yako," alisema. "Unajitaja mwenyewe kuwa mchawi."

Simu ya Vestina ingali sandukuni, imezimwa. Kikapu kingali mezani, kimejaa. Hata Elipidius hatii mkono.