Uzito Usio Wake

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kupuuzwa na mtu mwenye shughuli zake: gauni lilipwaya, mzani ukakataa.

Dada Fundi alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, na kwa jambo la vipimo hadanganyiki. Kwa futi yake ya kitambaa, ile ya manjano iliyoshinda shingoni mwake mchana kutwa, kiuno kilikuwa kimepungua inchi nne ndani ya wiki nane. Pete ilizunguka kidoleni. Sketi alishaipunguza mara mbili. Lakini alipopanda mzani wa kliniki asubuhi ile, namba nyekundu zilihangaika kidogo, kisha zikatulia palepale zilipotulia siku ya kwanza: kilo mia na kumi na mbili na nusu.

"Shuka, upande tena," Nesi akasema.

Akashuka, akapanda. Mia na kumi na mbili na nusu.

"Huu mzani umekufa." Nesi akapanda mwenyewe kuuhakiki, akaona namba yake, akashuka upesi. "Haujafa," akasema.

Daktari hakuwa mtu wa mzaha. "Sindano ya kupunguza uzito unachoma?"

"Kila Jumapili, tumboni, kama mlivyonionyesha."

"Chakula?"

"Vijiko sita nimeshiba. Nikithubutu cha saba natapika."

"Dada yangu, dawa haidanganyi. Wanaodanganya ni wagonjwa." Akaandika kitu kwenye faili. "Na ukumbuke, hapa hatuzungumzii urembo. Usiposhuka chini ya kilo tisini, hakuna daktari wa upasuaji atakayekubali kukutoa figo. Mdogo wako hana muda mrefu wa kukungoja."

Mdogo wake alikuwa mmoja tu, Kinyozi. Wazazi waliwaacha Dada Fundi akiwa na miaka kumi na saba, mdogo akiwa na sita, naye dada akaacha shule, akakaa kwenye cherehani, akalea. Alimsomesha, akamnunulia mashine za kwanza za kunyolea, akamuozesha. Mchumba wake mwenyewe alichoka kungoja, akaoa kwingine. Watu walimsifu mpaka sifa zikawa kamba ya kumfungia. Kwa hiyo figo za Kinyozi zilipokufa zote mbili, na vipimo vikasema damu za ndugu hawa zimepatana, hakuna aliyemuuliza Dada Fundi kama anataka. Walimuuliza ataanza lini. Kutoa ni moyo, walisema, na moyo wenyewe hawakuuliza hali yake.

Jumapili ya sindano ya kwanza walikuja wote wawili, Kinyozi na mkewe, wakasimama jikoni kumshangilia kana kwamba anafungua duka jipya. Alipomaliza walikwenda kukaa sebuleni. Dada Fundi akabaki peke yake mbele ya friji, ameshika ile sindano yenye umbo la kalamu, na hasira ya miaka ishirini na mbili ikampanda kooni. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Yeyote anayesikia," alinong'ona, "anizuie nisifike. Kiungo hiki kimoja niachiwe mwenyewe."

Nyuma yake kiti cha mbao kililia, kilio cha kiti kinapokaliwa na mtu mnene aliyetembea kutoka mbali. Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Akafunga friji, akaenda kucheka na wenzake.

Dawa ilifanya kazi yake, tusiisingizie. Hamu ya kula ilimtoka, akawa anakula vijiko sita, anafunika sahani, anairudisha kwenye friji. Asubuhi sahani aliikuta safi, imelambwa mpaka ua lililochorwa chini linang'aa, naye alikuwa akiishi peke yake. Alijiambia kichefuchefu kinamsahaulisha. Ila palikuwa na harufu, ya mafuta ya kukaangia yaliyolala siku tatu, na harufu ile haikukaa jikoni kama harufu yenye adabu, ilimfuata kazini, ikatulia nyuma ya shingo yake, hata mteja mmoja aliyekuja kujaribu suruali akajifanya anakohoa ili azibe pua. Stuli ya cherehani ilivunjika mguu. Godoro lilibonyea upande anaolala na upande asiolala.

Siku hiyo aliyotoka kwa Daktari alifika dukani saa saba, jua likiwa utosini, mtaa umelala kwa joto. Alikuwa na uchungu wa kuitwa mwongo. Akarudishia mlango, akasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja ajipime upya, ahakikishe kwamba hajawa mwendawazimu. Akaizungusha futi kiunoni kama alivyozungusha viuno vya watu miaka yote, akingoja ncha mbili zikutane kwenye kitovu, nazo hazikukutana, zilipungukiwa shibiri nzima, akavuta akidhani futi imenasa kwenye gauni, akavuta tena, na ndipo alipohisi kwamba huko mgongoni, kati ya futi na mwili wake, pana kitu kingine kinachopimwa pamoja naye, kitu laini, chenye joto, kinachopanda na kushuka polepole kwa pumzi ambayo haikuwa yake, na kwenye kioo hapakuwa na mtu ila yeye, na futi ya manjano iliyojitanda hewani nyuma yake, imeuzunguka mwili asiouona.

"Usitetemeke," sauti ikamwambia sikioni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila imeshiba. "Nimekaa vizuri. Hutafika."

Jioni aliwaeleza Kinyozi na mkewe nusu ya habari: kwamba kuna kitu kimempanda. Nusu nyingine, ya nani alikiita, aliimeza. Kinyozi ndiye aliyeshikilia kwamba waende kwa Bibi Mkunga.

Bibi Mkunga alikuwa amestaafu kuzalisha, sasa alishughulikia mambo yasiyopelekwa hospitali. Chumba chake, nyuma ya duka la ndoo, hakikuwa na vitambaa vyekundu wala mikia ya wanyama. Kulikuwa na makochi mawili na kalenda ya mwaka juzi. Kinyozi aliingia ameshikwa mkono na mkewe, uso umevimba, viatu amevikanyaga visigino kwa sababu miguu haikuingia tena.

Bibi alimsimamisha Dada Fundi katikati ya chumba, akapita nyuma yake, akanyoosha mkono. Mkono ulisimama hewani, shibiri moja kabla ya kufika mgongoni. Akaupapasa ule utupu kama anavyopapasa tumbo la mjamzito.

"Mzito huyu," akasema kwa sauti ya chini. "Na ametulia."

"Bibi, nani amemtuma?" mke wa Kinyozi akanong'ona.

"Wa kutumwa huja na fujo, mwanangu, wanavunja vyombo. Huyu ni kama mgeni aliyepewa kiti. Amealikwa, tena na mtu wa ndani." Akakaa kwenye kochi, magoti yakalia. "Sitaki kuku, sitaki ubani. Aliyemwalika aseme kwa kinywa chake, mbele ya anayeumizwa: niliomba vibaya, toka. Basi, ataondoka."

Nje mtu alikuwa akipanga ndoo, moja ndani ya nyingine.

"Dada." Kinyozi alikuwa akimtazama yeye tu. "Kama kuna neno, sema. Hata likiwa baya. Sitakuuliza la pili."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, na yeyote aliye nje ya ngozi yake anaweza kusema ilikuwa rahisi. Neno lilikuwa ulimini. Lakini Dada Fundi aliutazama uso ule alioufuta kamasi, akaona miaka ishirini na mbili ya wema wake ikichanika mbele ya watu watatu, aibu ikamkaba. Na nyuma ya aibu, tusimfichie, kilikuwapo kisu cha upasuaji, ambacho hadi dakika ile hakukitaka. Mgongoni kile kitu kikamkumbatia, taratibu, kwa huruma kabisa.

"Sijui," akasema. "Mimi sijui. Watu wana husuda." Na jicho lake, Mungu amsamehe, likatua kwa wifi yake.

Wifi akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Mimi? Mimi ninayelala kwenye kiti cha hospitali?"

"Basi," Kinyozi akasema. "Asilazimishwe. Twendeni nyumbani."

Bibi Mkunga aliwasindikiza hadi mlangoni. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alimwambia Dada Fundi, bila ukali, akafunga mlango wake.

Mwezi wa tatu, mia na kumi na mbili na nusu. Daktari akapandisha dozi. Mwezi wa nne mifupa ya shingo ilikuwa imejitokeza, wateja wanamuuliza kwa kunong'ona anaumwa nini, na mzani umeshikilia neno lake. Kwenye faili yake iliandikwa kwamba hafuati masharti. Huko orofa ya juu ya hospitali hiyohiyo, Kinyozi alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kisha mara nne. Jumanne moja asubuhi aliomba mashine yake ya kunyolea, akamnyoa ndevu mgonjwa wa kitanda cha pili, akamtania kwamba amemrudisha ujana. Saa tisa alasiri alikufa.

Msibani ilibidi wanawake wawili wamshike Dada Fundi makwapani ili ainuke mkekani, na mmoja wao akateguka mkono. Huzuni ni nzito, walisema. Mtu mwenyewe alikuwa amekonda, kila mtu anaona.

Siku ya tisa wifi yake alikuja dukani. Tangu siku ya Bibi Mkunga walikuwa hawasemezani. Hakukaa.

"Sikuja kugombana, wifi. Nina maneno ya marehemu, nisipoyafikisha nitalala nayo. Siku ya sindano ya kwanza alirudi jikoni kuchukua maji. Alikuwa mlangoni. Alikusikia ulivyoomba."

Cherehani ikasimama.

"Alikusikia yote. Mimi aliniambia wiki ya mwisho tu, akanikataza nisikuguse. Alisema, 'Sote tulimuuliza ataanza lini. Mimi niliyelelewa naye sikumuuliza kama anataka.' Alikuwa anangoja useme, wifi. Ungesema sitaki, angekwambia usijali, basi. Ndicho alichokuwa anakingoja. Amwambie dada yake usijali."

Dada Fundi alifungua kinywa, na kilichokaa kooni miezi minne kikatoka chote kwa pamoja. "Niliomba vibaya," akalia. "Toka. Niliomba vibaya, toka! Toka!"

Wifi yake, masikini, alidhani anafukuzwa yeye. Akajifunga mtandio, akatoka bila kugeuka, na hakurudi tena pale dukani.

Mikono isiyoonekana ikaachia, kidole kimoja kimoja. Ile harufu ya mafuta yaliyolala ikapita usoni mwa Dada Fundi kwa mara ya mwisho, pazia la mlangoni likasogea mbali, kama linavyosogezwa ili mtu mnene apite, likarudi mahali pake. Mwili wake ukawa mwepesi hata akashika meza asianguke. Hakujua, na hatajua, kama jini limefukuzwa au limemaliza kazi likaenda zake.

Mwisho wa mwezi miguu yenyewe ilimpeleka kliniki. Nesi alikuwa ametoka likizo, hana habari ya lolote. Akampandisha mzani huku akiongea, kisha akanyamaza, akainama kuzisoma namba karibu.

"Themanini na moja!" Akapiga makofi. "Dada! Umefika! Umefika na kupita, na wao walikuandika msumbufu!" Akaita wenzake wawili kutoka chumba cha pili, nao wakaja, wakatazama, wakapiga makofi. "Mpigie mdogo wako. Hapahapa, sasa hivi, tumsikie anavyofurahi."

Walikuwa wamemzunguka, nyuso zote tatu zinacheka. Dada Fundi akatoa simu kwenye mkoba, akaitafuta namba, akaiweka sikioni. Ikaita mpaka ikakatika.

"Hapokei," akasema. "Atakuwa ananyoa mtu."