Jumla ya Bi Maisara

Mwaka ule wa korona, Mji wa Kale ulinyamaza. Vichochoro vilikuwa vitupu. Hata paka walilala katikati ya njia, na hakuna aliyewafukuza. Jua la alasiri liliingia dirishani, likatua kwenye mkeka, kisha likasogea polepole hadi ukutani. Bi Maisara alilitazama likisogea. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha.

Saa kumi kamili, redio ilianza kusema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Sauti nzito, ya taratibu, kama ya mtu asomaye barua ya msiba. "Idadi yazidi kupanda! Walioambukizwa korona katika kaunti yetu sasa ni jumla ya watu 2,140."

Bi Maisara aliinuka. Alichukua chaki, akaenda nyuma ya mlango, akaandika 2,140. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne sauti ilisema 2,152, naye akaandika. Jumatano ilisema 2,161. Alhamisi 2,168. Ijumaa 2,173.

Kisha akapiga mstari na kujumlisha. Bi Maisara alikuwa hodari wa hesabu. Marehemu mumewe alikuwa na duka la mchele Marikiti, na yeye alikaa dukani naye kwa miaka thelathini. Hesabu haikumshinda hata siku moja. Safari hii ndiyo iliyomponza.

"Shifa!" aliita. "Ndoo hapa, mwanangu. Ndoo uone. Watu elfu kumi, mia saba na tisini na wanne! Kwa siku tano tu!"

Shifa, binti yake, alitoka jikoni akiwa na unga mikononi. Alitazama mlango. Yeye pia alikuwa na hofu.

"Mama, na mguu je?" aliuliza. "Leo ilikuwa siku ya zahanati."

"Siendi."

"Daktari alisema kidonda kifungwe kila baada ya siku mbili. Na dawa ya sukari yako yaisha."

"Watu elfu kumi, Shifa! Huko zahanati nitapita wapi? Nitakanyaga wapi? Siendi, mie."

Akauvuta mguu wa kushoto, akaufunika kwa leso. Bi Maisara alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Ndara mpya ilimchubua kidole gumba, na mchubuko ukawa kidonda. Mwanzo kilikuwa kidogo kama punje ya pojo. Sasa kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti, na ukingo wake ulianza kuwa mweusi. Daktari alikuwa amemwonya kwamba mwenye kisukari hachezi na kidonda cha mguu. Kikiachwa, mguu waweza kukatwa.

Jioni ile kaka yake Shifa, Zein, alirudi kutoka kazini bandarini Kilindini. Barakoa yake ilikuwa chini ya kidevu.

"Hamjasikia?" alisema kwa furaha. "Redio ya ofisini imesema waliopona ni 1,900! Ugonjwa umekwisha."

"Umekwisha?" mama yake alimaka. "Soma mlango ule!"

Zein alisoma mlango. Akakuna kichwa. Redio mbili, mji mmoja, siku moja. Mmoja nyumbani alitetemeka, na mwingine alivua barakoa. Shifa, aliyekuwa katikati, alitaka kulia.

Siku zile Bi Maisara alilala sana mchana. Usingizi wake ulikuwa mwepesi, nusu yuko, nusu hayuko. Aliota watu wakipanda ngazi za nyumba yake. Walikuwa wengi, hawana nyuso. Mahali pa uso palikuwa na namba ya chaki. Walipanda kimya kimya, na ngazi za mbao zililia kwa uzito wao. Kila akiamka, mto wake ulikuwa umelowa jasho.

Orofa ya juu alikaa mpangaji wao, Kadzo. Alikuwa msichana mpole kutoka Kaloleni. Alitoka asubuhi, akarudi jioni, na kazi yake Bi Maisara hakuijua vizuri. Alijua ni kazi ya ofisini, ya karatasi. Lakini Kadzo alikuwa na adabu, naye Bi Maisara alimpenda. Kila Ijumaa alimpelekea mahamri. Na Kadzo hakurudisha sahani tupu hata mara moja.

Jumamosi Kadzo hakwenda kazini. Alishuka na sahani. Safari hii alikuwa ameweka maembe mawili.

"Hodi! Masalkheri, Bi Maisara."

"Masalkheri, mwanangu. Karibu."

"Starehe." Kadzo alikaa karibu na mlango, mbali kidogo, na barakoa yake usoni. Ndipo alipoiona ile chaki. "Bi Maisara, hii ni hesabu ya nini?"

"Ya korona. Ya yule mwanamke wa redio. Kila siku nnaandika asemayo, kisha nnajumlisha."

Kadzo alicheka kidogo. Kisha alinusa. Chumba kilikuwa na harufu ya udi, lakini chini ya udi palikuwa na harufu nyingine. Alitazama leso. Alitazama mguu. Kicheko kikamkauka.

"Mguu huu haujaonwa na daktari?"

"Hataki kwenda," Shifa alisema. "Yuaogopa watu elfu kumi."

Kadzo aliinamisha kichwa.

"Bi Maisara," alisema, "yule mwanamke wa redio ni mimi."

"Wewe?" Bi Maisara alicheka. "Yule ana sauti ya jeneza! Wewe wasema kama watu."

Kadzo alifumba macho, akavuta pumzi. "Idadi yazidi kupanda," alisema. Na kweli ilikuwa ile ile, nzito, ya taratibu, hapo hapo chumbani, na redio imezimwa. Bi Maisara alishika kifua.

"Audhubillahi! Ewe Kadzo! Nimekulisha mahamri yangu mwaka mzima, nawe wanitisha kila saa kumi?"

"Nisamehe, mamangu. Sikusema uongo. Lakini nilichagua."

"Ulichagua nini?"

"Kila siku twaletewa karatasi kutoka wizara. Ina namba nyingi. Waliopimwa leo. Waliopatikana leo. Waliolazwa. Waliopona. Waliofariki. Na jumla ya wote walioambukizwa tangu ugonjwa uanze. Taarifa yetu ni dakika tatu, na sentensi ya kwanza ni moja tu. Mhariri huuliza, 'Ni namba gani itamfanya mtu aweke mwiko chini asikilize?' Basi twachukua iliyo kubwa. Jumla. Nayo jumla haijui kushuka, Bi Maisara. Twaweza kusema 'yapanda' kila siku mpaka kiyama, na tusiwe waongo."

"Jumla," Bi Maisara alirudia neno lile polepole. Alilijua vizuri. Lilikuwa neno la mumewe, neno la dukani. "Jumla ni gunia zima. Rejareja ni kibaba kimoja kimoja."

"Ndiyo."

"Sasa hii 2,140 ni gunia?"

"Ni gunia. Limejazwa tangu siku ya kwanza."

"Na hii ya Jumanne?"

"Ni gunia lile lile. Tumeongeza vibaba kumi na viwili juu yake."

Bi Maisara alichukua chaki. Kisha aliinuka, akichechemea, akaenda mlangoni. Alitoa namba ya Jumatatu katika ya Jumanne. Kumi na wawili. Akatoa ya Jumanne katika ya Jumatano. Tisa. Kisha saba. Kisha watano.

"Lo!" alisema. "Miaka thelathini dukani, na nimehesabu gunia moja mara tano! Marehemu angenicheka wallahi." Akageuka. "Lakini mbona hawa wapya wapungua, nawe wasema yapanda?"

"Ndiyo kosa letu," Kadzo alisema.

"Ngoja, sijamaliza. Hao watano wa jana, ni katika wangapi?"

"Vipi?"

"Mayai matano mabovu katika trei moja, siyataki. Mayai matano mabovu katika lori zima, nashukuru Mungu. Watano katika watu wangapi mliopima?"

Kadzo alifungua simu yake akatafuta ile karatasi. "Jana walipimwa 250. Jumanne walipimwa 240."

Bi Maisara aliandika. "Jumanne, kumi na wawili katika 240. Ni watano kwa kila mia. Jana, watano katika 250. Ni wawili kwa kila mia." Akaweka chaki chini. "Sasa hapo nimeelewa kitu."

"Lakini Bi Maisara, usije ukavua barakoa. Wako wagonjwa ambao hawakupimwa, hao hatuwajui. Na hata mmoja aweza kukuambukiza. Naye Zein aambiwe. Hao 1,900 waliopona ni gunia vilevile. Tangu siku ya kwanza. Redio yake imechagua namba ya kufurahisha, kama sisi tulivyochagua ya kutisha."

"Na waliolazwa? Na waliofariki?"

"Hizo pia uliza. Namba moja pekee haitoshi."

Bi Maisara alitazama mguu wake. Aliutazama kama mara ya kwanza. Aliogopa tena, lakini sasa alikiogopa kidonda chenyewe.

"Shifa," alisema, "nipe buibui langu. Na barakoa. Twende sasa hivi, kabla hawajafunga."

Zahanati haikuwa na watu elfu kumi. Ilikuwa na watu tisa, wamekaa mbali mbali kwenye benchi, wote wamefunika pua na mdomo. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Bi Maisara alinawa mikono, akakaa, akangoja zamu yake.

Daktari alikisafisha kidonda. Kiliuma, naye Bi Maisara aliuma leso yake. Alipewa dawa ya kidonda na dawa ya sukari.

"Kidole tutakiokoa, inshallah," daktari alisema. "Lakini wiki moja zaidi, Bi Maisara, tungekuwa twazungumza mambo mengine."

Njiani kurudi nyumbani, Bi Maisara alilia kimya kimya. Shifa alimshika mkono.

Jumatatu Kadzo alikwenda kwa mhariri wake. Alimsimulia habari za mlango na za mguu. Mhariri alisema sentensi itakuwa ndefu mno. Kadzo alisema basi iwe ndefu. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Wiki nne zilipita. Kidonda kilifunga, na ngozi mpya ikaota, nyororo na ya waridi. Zein alipandisha barakoa yake mahali pake, baada ya mama yake kumsomesha ule mlango mara tatu. Kisha Bi Maisara aliufuta mlango wote kwa kitambaa cha maji. Aliandika maneno mawili tu: Katika wangapi?

Saa kumi kamili, redio ilianza kusema. Sauti ilikuwa ile ile, lakini uzito umepungua.

"Leo wamepatikana wagonjwa wapya wanane."

"Katika wangapi?" Bi Maisara aliuliza, amelala kitandani.

"Ni katika watu mia nne waliopimwa," redio ilijibu, "yaani wawili kwa kila mia. Jumla, tangu ugonjwa uanze, ni watu 2,301. Waliolazwa hospitali ni kumi na mmoja. Leo hakuna aliyefariki."

"Alhamdulillahi," Bi Maisara alisema. Jua lilikuwa kwenye mkeka. Macho yakamlemea.

Aliota watu wakipanda ngazi. Safari hii walikuwa wanane tu, na walikuwa na nyuso. Mmoja alikuwa mama mnene aliyechoka. Mmoja alikuwa mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono. Mmoja aliomba maji ya kunywa. Bi Maisara hakuwakimbia. Aliwakaribisha.

Alipoamka, aliwaombea dua wote wanane, mmoja mmoja, wapone. Wale elfu kumi hakuwa amemwombea hata mmoja, maana alikuwa akiwakimbia.

Kisha alivaa ndara zake za zamani. Alichukua sahani ya mahamri ya moto, akapanda ngazi kwa miguu yake miwili, kidato kwa kidato, hadi orofa ya juu. Kadzo alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kazini.

"Hodi!"

"Nani?" Kadzo aliuliza kutoka ndani.

"Mtu mmoja."

Kadzo akauliza huku akicheka, "Katika wangapi?"

"Katika mmoja," alisema Bi Maisara. "Fungua, mahamri yapoa."