Mafuta ya Njano Kwenye Giaboksi

Saa kumi na moja alfajiri, Kitengela. Katika chumba cha nyuma cha gereji, Githinji alichora kwa chaki sakafuni.

"Hii ni nyumba ya mnunuzi wa vito, Kajiado. Saa moja anatoka na mkoba wa mawe. Mimi na Mugo tunamshika mlangoni. Musila analinda geti. Muthama, wewe hutoki kwa usukani. Maswali?"

Akaufuta mchoro kwa kiatu.

"Washa gari."

Muthama aliwasha. Lilikuwa la otomatiki, na usiku kucha lilikuwa limelala kwenye baridi. Akaweka gia ya kurudi nyuma. Gari likasita kidogo, kisha likaruka kama limepigwa rungu. Akaenda mbele. Kutoka gia ya kwanza kuingia ya pili, teke lingine.

Akashuka, akafungua boneti injini ikinguruma, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Kiwango kilikuwa sawa. Rangi haikuwa. Mafuta aliyoweka mwenyewe yalikuwa mekundu. Haya yalikuwa ya njano, mazito, yakining'inia kwenye kijiti kama asali.

"Nini hiyo?" Githinji alikuwa nyuma yake.

"Mtu ametoa mafuta yetu, akaweka ya injini. Yakiwa na baridi hayapiti vizuri. Gia zinachelewa, halafu zinagonga. Tungengojea Kajiado injini ikiwa imezimwa, tungekwama hapo hapo tukitoroka."

"Nani alikuwa na gari jana?"

Muthama alijua. Jana jioni Musila, mdogo wake wa tumbo moja, aliomba funguo akaoshe gari. Akarudi kucha zikiwa nyeusi kwa grisi. Mugo aliliingiza tu gereji.

Alimtazama mdogo wake, akingoja neno. Musila aliinama, akafunga kamba za viatu.

"Mugo," Muthama akasema. "Mugo ndiye alileta gari hapa ndani."

Mugo alicheka, akidhani ni utani. "Githinji, si unanijua mimi..."

Githinji alimpiga kwa spana kubwa. Akampiga tena. Akaendelea hata baada ya Mugo kuacha kuita jina lake. Kisha akamvuta kwa miguu hadi ukutani, akamfunika turubai.

"Rekebisha gari," akamwambia Muthama.

Muthama akamwaga mafuta yale ya njano, akaweka mekundu.

Saa moja asubuhi, Kajiado. Sasa gia ziliingia laini. Githinji akashuka, bastola ndani ya koti. Musila akamfuata hadi kwenye geti, akavua kofia, akaipunga kuelekea ndani.

Polisi wakamwagika kutoka ndani ya ua. Githinji alifyatua risasi moja. Walimwangusha kabla hajafyatua ya pili.

Barabara ya Namanga ilikuwa wazi mbele ya Muthama. Badala ya kuondoka kwa kasi, alifungua mlango wa abiria.

"Musila! Ingia!"

Musila hakusogea. Alikuwa amesimama kando ya inspekta.

"Huyo ndiye dereva, afande."

Wakamtoa Muthama, wakamlaza kifudifudi kwenye kokoto, wakamfunga pingu. Aliinua uso.

"Musila, nilikuficha. Nilimtaja Mugo ili wewe usiuawe."

Musila hakumwangalia. Akamgeukia inspekta.

"Umemsikia mwenyewe, afande. Maiti iko gereji, chini ya turubai."