Kura ya Mezani

"Anayenipa kura, mkono juu!"

Mikono ikapaa kabla hata nyama haijapakuliwa. Kila sikukuu ilikuwa hivyo: baba wa nyumba, kiongozi wa mtaa ambaye hata mkewe alimwita Mwenyekiti, alipigisha kwanza kura mezani, ndipo watu wale. Shangazi alinyoosha mkono ulioshika kijiko. Mama akanyoosha. Kijana wao naye akanyoosha, huku akikwepa macho ya mchumba wake aliyeketi ubavuni pake.

Mchumba huyo, fundi cherehani, alikuwa ametuliza mikono yake juu ya meza.

"Mkwe wetu hajasikia?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nimesikia, baba."

"Basi?"

"Kura yangu ni siri, baba."

Shangazi akaangua kicheko. "Makubwa! Hajaolewa, ameshaanza upinzani!"

Simu ikatetemeka mapajani mwa fundi. Ujumbe ulitoka kwa mchumba wake.

"Nyoosha tu mpenzi. Ni utani wa nyumbani. Kesho baba anakwenda kwenu kuniposea, usimuudhi."

Akajibu chini ya meza: "Kama ni utani, mbona unaogopa?"

"Mwanangu," Mwenyekiti alisema kwa upole uliotisha kuliko ukali, "nimekukosea nini?"

Fundi akamtazama mchumba wake. Alimpenda kijana huyu, na alijua kunyoosha mkono kidogo tu kungetosha kuiokoa ndoa yake.

"Mvua ikinyesha, baba, maji yanajaa kibandani kwangu pale sokoni. Wewe ulituahidi mtaro uchaguzi uliopita, hadi leo hakuna. Sikutaka kukusema mbele za watu, umenilazimisha."

"Kwa hiyo unampa mpinzani wangu?"

"Hilo nalo ni siri."

Mwenyekiti akapiga meza, sahani zikaruka.

"Kesho siendi kuposa! Na wewe kijana, chagua: mimi au huyu!"

Fundi akachukua mkoba wake, akasimama. Machozi yalimlengalenga lakini sauti haikutetemeka.

"Ahsanteni kwa kunikaribisha." Akamgeukia mchumba wake. "Nilikubali kuwa mke wako. Sikukubali kuwa mpiga debe wa baba yako."

Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Ngoja!" Kijana alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Baba, nakuheshimu. Lakini nimenyoosha mkono kwa woga, siyo kwa kupenda. Huyu namtaka kwa kupenda. Usipoenda, nitaoa hivyo hivyo."

"Nani atakuposea?"

"Mimi."

Wote wakageuka. Alikuwa mama, na mkono alishaushusha zamani.

"Mama watoto, hata wewe?"

"Miaka yote hii naunyoosha ili chakula kisipoe, mume wangu. Kule kwenye chumba cha kura nafanya yangu."

"Yapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Na wewe! Si umeambiwa ni siri?"

Akavua aproni, akaitundika kwenye kiti cha mumewe.

"Ya nini kungoja kesho? Twendeni kwao sasa hivi."

"Sikukuu hii? Na nani atanipakulia?"

"Sufuria ile pale, Mwenyekiti. Haina chama."

Nje, kijana alimshika fundi mkono. Safari hii hakuuachia hata walipopita majirani. Mama alikuwa mbele yao, amenyoosha mabega kama mtu aliyetua mzigo.

"Mkwe wangu," aliuliza bila kugeuka, "na kwenu wanapiga kura mezani?"

"Hapana, mama. Kwetu tunabishana mpaka basi, lakini tukiwa tunakula."

"Basi kazeni mwendo. Nina mengi ya kusema, na nina njaa."